Gari linalofunga breki lenyewe: mipaka yake ni ipi, na abiria wa nyuma wana haja ya mkanda?

Mama wa Dodoma aliuliza:

Habari za leo, wanajukwaa. Naomba ushauri wenu juu ya jambo ambalo limezua ubishi nyumbani kwetu, na ambalo naamini linawahusu wengi wanaonunua magari yaliyotumika kutoka Japani.

Mwaka huu tumenunua gari dogo la mwaka 2016. Kwenye kioo cha mbele, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, kuna kamera, na muuzaji alitueleza kwamba gari likiona hatari linalia, na dereva akichelewa linafunga breki lenyewe. Kitabu chake cha maelezo kimeandikwa Kijapani, kwa hiyo tunayoyajua ni hayo ya muuzaji. Ni kweli kwamba mara kadhaa limelia tulipoikaribia mno gari ya mbele kwenye foleni. Lakini majuzi, tukitokea Morogoro giza likianza kuingia, tulipokwisha kupita Gairo tulikuta lori bovu limesimama nusu ndani ya barabara bila taa, na matawi ya miti yametandazwa kwenye lami hatua chache tu kabla ya kulifikia. Mume wangu aliyaona matawi, akapunguza mwendo, akalikwepa lori tukapita salama. Gari halikutoa mlio wowote tangu mwanzo hadi mwisho.

Baba mkwe, ambaye ndiye hukaa kiti cha mbele, anasema mkanda ni wa kumridhisha trafiki tu, na kwamba gari lenye kamera na mifuko ya hewa limekwisha kumaliza kazi hiyo. Amenunua hata kile kichwa cha mkanda kisicho na mkanda, kinachochomekwa ili mlio wa onyo unyamaze. Nyuma nakaa mimi, watoto wetu wa miaka minne na tisa, na dada anayetusaidia kazi, na hakuna anayefunga, kwa kuwa hata barabarani askari hukagua viti vya mbele tu. Je, mfumo wa gari letu ni mbovu? Na je, kuna haja ya kweli ya sisi wa nyuma kufunga mikanda?

---

Fundi Umeme, Ilala alijibu:

Dada, umelieleza tukio vizuri, na hilo linanirahisishia kazi. Mimi hutengeneza umeme wa magari, na swali la namna hii naletewa gereji mara kwa mara, kwa kawaida baada ya mtu kuamini kwamba amenunua dereva wa pili.

Ukimya wa gari lenu siku ile hauna maana moja. Mfumo wa kuzuia ajali haulii kwa sababu umeona kitu. Unalia pale hesabu yake inapoonyesha kwamba, kwa mwendo uliopo na mwelekeo uliopo, mgongano umekaribia. Kama mumeo alikuwa amepunguza mwendo mapema na kuanza kulikwepa lori, inawezekana kompyuta haikuona sababu ya kulia. Inawezekana pia kwamba haikulitambua lori kabisa. Huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili, na kwa kuwa huwezi kujua, usiuchukue ukimya wake kuwa ushahidi kwamba barabara ni nyeupe.

Hukutaja aina ya gari, kwa hiyo nitachukua mfano mmoja uliojaa mitaani kwetu, yaani Toyota Safety Sense C, uliofungwa katika baadhi ya Axio, Fielder na Vitz kuanzia mwaka 2015. Una kamera moja na leza, vyote vikiwa kwenye kioo cha mbele. Breki yake ya dharura imepangwa kufanya kazi gari likiwa kati ya takriban kilometa 10 na 80 kwa saa. Gari la mbele likiwa limesimama, mfano wa kuepuka kuligonga alioutoa mtengenezaji mwenyewe ni wa gari linalokwenda kilometa 30 kwa saa. Sasa fikiria mtu anayeshuka kutoka Gairo kwa kilometa 100 kwa saa, ambapo gari linameza karibu mita 28 kila sekunde, halafu anategemea kifaa ambacho breki yake haikupangwa kwa mwendo huo. Isitoshe, toleo la kwanza la mfumo huo halikutengenezwa kutambua watu waendao kwa miguu. Huo si ubovu. Ndiyo mipaka yake, na imeandikwa katika kile kitabu cha Kijapani ambacho hakuna anayekisoma.

Magari ya bei ya juu zaidi yana rada pamoja na kamera. Rada inaona vizuri gizani na inapima umbali kwa usahihi, lakini ina tabia ambayo kila dereva anapaswa kuifahamu. Barabarani kuna vitu vingi visivyotembea, kama nguzo, vibao, kingo za madaraja na mifuniko ya chuma, na kama gari lingefunga breki kwa kila kimoja, lisingeendeka. Kwa hiyo mifumo mingi, hasa ile ya kruzi (inayoshikilia mwendo bila dereva kukanyaga mafuta) inayofuata gari la mbele, imefundishwa kuvipuuza kwa sehemu kubwa vitu vilivyosimama wakati gari linakwenda kasi. Lori bovu barabarani ni kitu kilichosimama. Mwaka 2016 huko Williston, Florida, gari la Tesla lililokuwa likiendeshwa kwa Autopilot, mfumo wake wa kumsaidia dereva kuendesha, liliingia chini ya trela lililokuwa linakata barabara, na dereva akafariki. Bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri ilipochunguza ilieleza kwamba mfumo ule haukuwa umetengenezwa kutambua gari linalokatiza mbele namna hiyo, na kwamba dereva alikuwa ameutegemea kupita kiasi.

Kuhusu watu, chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilifanya majaribio mwaka 2019 kwa kutumia sanamu badala ya watu na magari manne mapya ya aina tofauti. Mtoto aliyetokea ghafla katikati ya magari mawili, gari likiwa kwenye kilometa 32 tu kwa saa na mchana kweupe, aligongwa katika asilimia 89 ya majaribio. Usiku mifumo hiyo haikufaa kitu. Na hayo yalikuwa magari mapya, katika uwanja wa majaribio, kwenye lami safi.

Kwetu, ongeza mistari ya barabara iliyofutika, bodaboda isiyo na taa ya nyuma, mkokoteni wa punda, vumbi na tope. Kamera inafanya kazi kwa kulinganisha inachokiona na maumbo iliyofundishwa, na mgongo wa lori lililofunikwa kwa turubai, lisilo na viakisi mwanga, huku nguzo zimechomoza nyuma yake, huenda usiwemo katika orodha ya maumbo hayo. Kama unaweza kufanya jambo moja wiki hii, mwulize muuzaji kama kioo cha mbele kiliwahi kubadilishwa. Kamera ikifunguliwa na kufungwa upya bila kupimwa na kulinganishwa kwa mashine, tofauti ndogo sana ya pembe pale kwenye kioo inakuwa kosa kubwa mita hamsini mbele.

Jambo la mwisho kwa sasa, ambalo nadhani ndilo jibu la baba mkwe. Breki hii ikifanya kazi, inakamata kwa nguvu na bila taarifa, kwa kuwa mashine haimgeukii abiria na kumwambia ajishike. Wahandisi walioipanga walichukulia kwamba kila aliyemo ndani amefungwa mkanda. Asiyefungwa anasukumwa mbele kabla hata ya kugonga chochote, na kama mgongano utatokea, mfuko wa hewa utafumuka yeye akiwa ameshaukaribia. Yaani kadiri gari linavyokuwa na uwezo wa kujifungia breki, ndivyo haja ya mkanda inavyozidi.

---

Muuguzi wa Mbeya alijibu:

Nimepokea majeruhi wa barabara hii ya Tanzania–Zambia kwa muda mrefu, kwa hiyo nitaanzia pale alipoishia ndugu Fundi.

Gari likigonga, mwili wa abiria hausimami pamoja nalo. Unaendelea na mwendo ule ule hadi ukutane na kitu. Kwa kilometa 50 kwa saa, mwendo tunaouruhusu katikati ya makazi, mgongano na kitu kisichosogea ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa takriban mita 10. Hakuna mikono inayoweza kujizuia wala kumzuia mtoto aliyepakatwa. Tunaona jeraha la paji la uso na la shingo kwa aliyekaa mbele bila mkanda; tunaona nyonga na paja lililovunjika kwa kuwa magoti yaligonga dashibodi; na tunaona jambo ambalo familia nyingi hazilifikirii, yaani mtu wa mbele aliyefunga mkanda wake vizuri akiwa ameumizwa mgongoni na kichwani na abiria wa nyuma aliyerushwa juu yake. Kwa hiyo, dada, mkanda wako wewe na watoto unamlinda pia baba mkwe. Shirika la Afya Duniani linasema kufunga mkanda kunaweza kupunguza hatari ya kifo kwa waliomo ndani ya gari hadi kufikia asilimia 50. Kule Japani gari lenu lilikotengenezwa, sheria imewataka hata abiria wa nyuma wafunge tangu Juni 2008.

Namna ya kuvaa ina uzito sawa na kuvaa kwenyewe. Sehemu ya chini ya mkanda ipite juu ya mifupa ya nyonga, chini kabisa, wala isipite tumboni. Mkanda uliokaa juu ya tumbo unaweza kupasua utumbo au bandama. Sehemu ya juu ipite katikati ya bega na katikati ya kifua, isipite shingoni wala chini ya kwapa. Mjamzito apitishe mkanda wa chini chini ya tumbo na wa juu kati ya matiti kisha pembeni mwa tumbo, na asiuache kwa hofu ya kumbana mtoto, kwa kuwa hatari kubwa zaidi kwa mtoto ni mama kurushwa. Mkanda uwe bapa, usijisokote, na nguo nzito kama koti au shuka la baridi visiwe chini yake. Hapa kwetu Uyole asubuhi kuna baridi, na abiria wengi hujifunika kwanza ndipo wakafunga, jambo linaloacha nafasi ya mwili kuchoropoka.

Mtoto wako wa miaka minne anahitaji kiti chake chenye mikanda yake. Huyo wa miaka tisa, kama urefu wake haujafikia sentimita 135, anahitaji kiti cha kumwinua ili mkanda wa bega usimkate shingo. Wote wakae nyuma.

Kuhusu mzee, najua si rahisi mkwe kumwagiza baba mkwe wake. Nimeona ikisaidia mumeo ndiye aseme, tena kabla gari halijawashwa, kwa heshima na kwa sauti ya kawaida: "Baba, tunakusubiri wewe tuondoke." Watoto wakiwa wamekwisha kufunga nyuma, wazee wengi hawapendi kuwa wa mwisho.

---

Dereva wa Nakuru alijibu:

Hujambo dada, nami naomba niongeze ya upande huu wa Kenya. Mwaka 2004, waziri John Michuki alipotekeleza kanuni zake, kila kiti cha matatu kilitakiwa kuwa na mkanda, na magari yakafungwa vidhibiti mwendo vya kilometa 80 kwa saa. Watu walitii. Baadaye mikanda ikachafuka, vifungo vikalegea, na ikazoeleka abiria kuuvuta mkanda na kuushikilia juu ya mapaja wanapokaribia kizuizi cha polisi. Namweleza mzee hili kwa sababu desturi yake ya kumfungia trafiki ndiyo iliyotufikisha hapo, na ajali nyingi hazitokei kwenye kizuizi.

Mimi naendesha Subaru yenye EyeSight, mfumo uliotoka Japani mwaka 2008 na ambao unatumia kamera mbili zinazotazama kama macho mawili. Nitataja mambo ambayo mtu anayaona mwenyewe akiwa makini. Kwenye ukungu wa Kinungi na Limuru, au mvua ikizidi, mfumo unajizima na kuandika ujumbe kwenye dashibodi. Vivyo hivyo jua la asubuhi likiwa chini na kupiga kamera moja kwa moja. Ni katika ukungu hasa ambapo dereva angetamani msaada, na ni hapo mfumo unapoaga. Pia, ile kruzi ya kufuata gari la mbele haikubali kuwashwa kama dereva hajafunga mkanda. Waliotengeneza macho hayo hawakuyaamini kiasi cha kumwacha dereva bila mkanda, nasi tusiyaamini zaidi yao.

Angalieni pia mnachokiweka mbele. Stika ya bima ikibandikwa juu karibu na kamera inaziba sehemu ya uwezo wake wa kuona. Kitambaa cha manyoya au shada la maua ya plastiki juu ya dashibodi huakisi kwenye kioo, na kamera inaona kivuli hicho kama sehemu ya barabara. Wenye magari yenye rada mbele, ule ukingo wa chuma unaofungwa kukinga bampa dhidi ya ng'ombe na bodaboda unaweza kuiziba rada.

---

Mama wa Dodoma aliandika:

Nawashukuru sana nyote, na majibu haya nimemsomea mume wangu. Nimebakiza mambo mawili. Tulipotafuta mikanda ya nyuma, tumeipata miwili tu ya pembeni, na vifungo vyake havionekani. Tumeweka kava za viti tulizoshonesha hapa mjini. Pia tuko wanne nyuma. Je, watoto wawili wanaweza kufungwa kwa mkanda mmoja?

---

Muuguzi wa Mbeya alijibu:

Hapana, dada. Mkanda mmoja ni wa mtu mmoja. Wakifungwa wawili, miili yao itagongana wakati wa mshtuko, vichwa kwa vichwa, na mkanda hautamkaa vizuri yeyote kati yao. Gari hilo ni la watu watano, nanyi ni sita. Najua maana yake kwa familia, na silisemi kwa wepesi, lakini kwa safari ndefu kama ya Morogoro mmoja wa watu wazima apande basi, achague lenye mikanda, na aifunge.

---

Fundi Umeme, Ilala alijibu:

Vifungo vipo, vimemezwa na kava. Mafundi wengi wa kava hushona kiti kizima bila kuacha matundu. Ingiza mkono kwenye mfereji kati ya makalio ya kiti na mgongo wake, utavigusa. Kisha mrudishie fundi akate matundu na kuyazungushia uzi vizuri. Usikate mwenyewe kwa wembe karibu na mkanda, kwa kuwa mkanda ukichanika ukingoni unapoteza nguvu. Kama kava zimepita pia ubavuni mwa viti vya mbele, na viti vyenu vina mifuko ya hewa ya pembeni, zitolewe, maana mfuko hutoka kwenye mshono wa kiti na hauwezi kupita kwenye kitambaa kigumu.

Kuhusu mkanda wa katikati, tazama juu. Katika magari mengi ya Kijapani yenye buti refu, mkanda wa katikati hutoka kwenye dari, karibu na mlango wa nyuma, nao una vichwa viwili: kidogo huchomekwa kwanza kwenye kifungo chake kilichoko kitini, kisha kile kikubwa upande wa pili. Kikichomekwa kimoja tu, mkanda ni pambo. Kwa kiti cha mtoto, Japani iliagiza vishikio vya ISOFIX kwa magari mapya kuanzia Julai 2012, kwa hiyo gari la mwaka 2016 linapaswa kuwa navyo: ni vyuma viwili vyenye umbo la U, vimefichwa kwenye ule mfereji wa viti vya nyuma vya pembeni. Kava nazo zitakuwa zimevifunika.

Kisha pima mikanda yote. Ivute taratibu hadi mwisho ukiangalia kama kuna sehemu iliyokwanyuka au kuungua. Iachie irudi yenyewe. Halafu ivute kwa mshtuko, nayo lazima ikatae papo hapo. Wa mbele ukikuta haurudi au umeganda, usiridhike na fundi atakayeupaka mafuta. Mikanda ya mbele ina kifaa kinachoukaza kwa mlipuko mdogo wakati wa ajali, na kikishatumika hakitumiki tena, kwa hiyo mkanda ulioganda unaweza kuwa dalili kwamba gari liligongwa kabla ya kuuzwa. Taa nyekundu yenye picha ya mtu na mfuko wa hewa inapaswa kuwaka unapofungua swichi na kuzimika baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameitoa balbu au ameichezea, na hilo ni baya kuliko ikibaki inawaka. Na kile kichwa bandia cha mzee kiondolewe kabisa ndani ya gari, kwa sababu kinaidanganya kompyuta kwamba mtu wa mbele amefungwa, na kompyuta hiyo ndiyo inayoamua jinsi ya kumkinga.

Ukimaliza, piga picha mbili uniwekee hapa: ile ya dashibodi mara baada ya kufungua swichi, kabla injini haijawaka, na ile ya chapa iliyoandikwa kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele na ya vioo vya milango. Chapa zikitofautiana, huenda kioo cha mbele kilibadilishwa, na hapo nitakueleza maswali ya kumwuliza fundi kabla hujamruhusu aiguse kamera.